Mpunga wa Lusangi Ulioitwa Nambari 41

Bwana Administrata wa Teritware, Bwana Agronomo mkuu wa kituo chetu, Padri wa misheni, Sheikh Bulaimu, Masultani wa vijiji mliofunga safari toka Kabambare, wenzangu mamonitere, waelekezi wa kilimo, na ninyi wamama na wababa mliokuwa mkilima wakati sisi tukipima: jambo yenu wote.

Tangu asubuhi ya siku hii ya kustaafu kwangu nimesikia maneno matamu. Imesemwa kwamba mimi, Placide, nimeutumikia mpunga miaka ishirini na sita, toka 1932 mpaka mwaka huu wa 1958, na kwamba hakuna mlima wala mto wa hapa ambao baiskeli yangu haijauona. Nashukuru. Lakini kazi hii imenifundisha kushuku. Mtu akikusifia mbegu, itie kwanza ndani ya maji, uone ngapi zinaelea, maana zinazoelea ni tupu. Nami nitayatia maji maneno hayo mbele yenu, maana mengine yataelea.

Nilipoanza kazi, utafiti wa mpunga ulikuwa ni kuleta. Magunia yalitoka nchi za mbali, tukapanda kwa mistari, tukasimika vibao, tukawaambia: huu ndio mpunga, ule wenu ni majani. Miaka ikapita, utafiti ukawa ni kuchagua. Tulizunguka shambani tukitafuta suke moja zuri katika elfu, tukalipanda peke yake, na uzao wake peke yake, mpaka yote yakafanana kama mapacha. Kisha ukaja wakati wa kuchanganya: kwa mkasi mdogo na kibano tulifungua ua la mpunga kabla jua halijawa kali, tukaondoa vumbi lake la kiume, tukalipa vumbi la mpunga mwingine. Sitawadanganya, nilizipenda kazi hizo. Lakini je, ni mara ngapi tuliwaamuru mtupe mbegu ya jana kwa ajili ya mbegu ya leo? Na yule aliyekataa, alipelekwa wapi? Shamba la lazima lilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ilikuwa na mlango wa chuma.

Mnaukumbuka mwaka wa 1947. Tulikuwa tumewagawia Nambari 17, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeapa kwamba haina ugonjwa. Mvua zilipozidi, majani yakatoka madoa kama macho, kisha shingo za masuke zikavunjika, na kila suke likabaki jeupe, tupu. Kutoka Kasongo mpaka Lusangi nilipita katika mashamba yaliyokufa. Kijijini Lusangi, nyuma ya mihogo, nikakuta kipande kimoja cha mpunga kilichosimama kijani, masuke yake yameinama kwa uzito.

Kilikuwa cha Mama Amisa binti Ramazani, mjane, mtu wa ukoo wa zamani wa Waungwana. Shemeji yake, Heri, alikuwa mfanyakazi wa kituo chetu, stasio kama mnavyoiita, alikuwa akifagia ghala la mbegu. Je, ninyi mngewaza nini? Mimi niliwaza upesi. Nilisema moyoni kwamba Heri ameiba mbegu ya majaribio akampelekea mke wa marehemu ndugu yake. Nikamuuliza Mama Amisa, akanijibu bila kuacha kupalilia:

“Monitere, hii mupunga haiko ya stasio. Iko ya mama ya mama yangu. Jina yake Sikutupi.”

Sikumwamini. Nilimshuku kwa sababu shamba lake lilikuwa zuri, na huo ndio ukweli wenyewe. Niliandika ripoti, na ripoti yangu ilikuwa na mwandiko safi. Heri akafukuzwa kazi na kufungwa siku kumi na nne. Mpunga wa Mama Amisa tukaukata wote, tukachukua na mbegu iliyokuwa katika kikapu juu ya meko. Hatukumwachia hata punje ya kupanda.

Hapa kituoni nilihesabu punje elfu moja nikazipima. Nilitazama rangi, nilitazama kile kinywele chekundu kama kutu kwenye ncha ya kila punje, nikapekua vitabu vyetu siku tatu. Haukufanana na mpunga wetu wowote. Nikaenda kwa Bwana Verlinde, aliyekuwa agronomo, mtaalamu wa mazao, siku hizo, ambaye sasa amerudi kwao. Nilimwambia kwamba yule mama alisema kweli. Alikuwa mtu mpole, hakupandisha sauti kamwe. Alimimina punje kwenye kiganja chake, akazigeuza kwa kidole.

“Placide,” akasema, “sayansi haiulizi mbegu ilipita njia gani. Inauliza inafaa nini.”

Nikamuuliza habari za Heri. Akajibu kwamba kufunga na kufungua ni kazi ya teritware, yaani ya serikali, si ya kituo. Nikarudi mezani kwangu, nikakaa.

Mistari ile niliipanda mimi mwenyewe, msimu baada ya msimu. Katika mwaka wa tano ikatoka karatasi nzuri kwa Kifaransa: kituo kimepata mpunga usiovunjika shingo, Nambari 41. Mahali pa kuandika asili yake paliandikwa: umechaguliwa na kituo. Bwana Verlinde akapongezwa. Mimi nikapewa kofia mpya.

Na ni mimi niliyetumwa kuupeleka Lusangi, mwaka wa 1952. Nilifungua gunia mbele ya watu, nikawaamuru watupe mbegu zao za zamani, kama kawaida yetu. Mama Amisa akaja, akachota kidogo, akauma punje moja. Hakunitazama. Aliziambia zile punje mkononi:

“Karibuni nyumbani.”

Kisha ndipo akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Na Heri, alifungwa juu ya kuiba nini?”

Nilifunga gunia. Nilipanda baiskeli nikaondoka, na sikusimama mpaka nilipovuka kijito. Toka siku hiyo imepita miaka sita. Mtaniuliza kwa nini nilinyamaza. Niliogopa, basi. Mtu mwenye kofia huogopa kuvuliwa.

Mama Amisa, nakuona hapo. Bwana Heri, nakuona pia, na najua kwamba tangu siku ile hukupata tena kazi ya serikali. Nilikushuku wewe badala ya kuishuku ripoti yangu. Naomba msamaha mbele ya watu hawa, maana nilikuaibisha mbele ya watu. Kama hunipi, nitaelewa.

Bwana Administrata, Bwana Agronomo, nimebakiza machache. Siku hizi utafiti umegeuka tena. Barua imekuja kwamba sasa wakubwa wanataka mbegu za vijiji, zile zile tulizoamuru zitupwe, kwa kuwa eti ndani yake kuna nguvu ambayo mpunga wa vituo umeipoteza. Safari yangu ya mwisho ilikuwa hiyo, kuzunguka Kabambare nikiomba mbegu kwa wamama. Walinitazama kwa macho ya kuniuliza: leo unazitaka za nini? Lakini nilikusanya bahasha thelathini na mbili, na juu ya kila bahasha niliandika jina la mama, jina la kijiji, na jina ambalo mama mwenyewe anaiita mbegu yake. Karani wetu akaniambia kwamba kitabu hakina mstari wa majina ya wakulima. Nikaomba rula na wino, nikapiga mstari. Kisha nikafungua ukurasa wa Nambari 41, na mahali pa asili nikaandika: Lusangi, kwa Amisa binti Ramazani, nao unaitwa Sikutupi. Sikuomba ruhusa. Yeyote atakayetaka kuyafuta, ayafute mchana, watu wakimwona.

Wala sisemi kwamba atatokea mtu wa kuyafuta. Agronomo wetu wa sasa ni kijana mwungwana, na sijaona baya kwake. Lakini hata Bwana Verlinde alikuwa mpole. Kwa hiyo nimeyanakili majina yote mara tatu. Nakala moja iko kwa Padri. Nyingine iko kwa Sheikh Bulaimu. Ya tatu iko kwa mama mmoja wa Kabambare, na jina lake sitalitaja leo.

Nawashukuru mliopika, mliotoka mbali, na ninyi mliovumilia jua ili mnisikie. Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Kushuku kwangu nawaachieni.