Kimya-Kidogo, Mchanga na Springi

Chini ya gramafoni, ili sindano isiruke watu wakicheza, marehemu akasema mchanga. Mdogo wake akasema springi. Marehemu akasema springi ni za vitanda vya wageni, na mdogo wake akajibu kwamba mchanga ni choo cha paka. Neno hilo la paka ndilo lililovunja udugu wao tarehe 3 Agosti 2019, kwenye arusi ya mjukuu, gramafoni ikiwa katikati yao na bibi arusi amesimama akingoja kucheza. Walikuwa wamefanya kazi benchi moja miaka thelathini na minane. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Wasifu huu unaanza na hilo kwa sababu marehemu mwenyewe alikuwa hamalizi kikombe cha chai bila kulitaja.

Mzee wetu, ambaye watu wote walimwita Kimya-Kidogo, alizaliwa tarehe 11 Machi 1947, mtoto wa kwanza wa msaga nafaka na mshona magunia, katika chumba kilichoshikana ukuta na kinu. Kinu kikinguruma, vikombe vilitembea mezani vyenyewe na jogoo wa jirani aliwika kwa kigugumizi. Mkunga aliapa mpaka anaingia kaburini kwamba uchungu ulianza kitanda kikiwa ukutani, na mtoto akazaliwa kitanda kimeshafika mlangoni. Mama mtu akakunja magunia, akayatia chini ya miguu ya kitanda, na kichanga akalala siku mbili mfululizo. Hicho ndicho kijukwaa cha kwanza cha kuzuia mtikisiko katika ukoo huu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1955 hadi 1962. Hesabu zilimpiga chenga, lakini dawati lake ndilo pekee lililokuwa haliyumbi, kwa kuwa alikuwa amebandua kisigino cha kiatu cha mwalimu akakitia chini yake. Mwalimu alichechemea muhula mzima na kutibiwa goti.

Mwaka 1963 alianza kujifunza useremala, na mwaka 1971 kituo cha redio kikamwajiri atengeneze rafu. Chumba cha santuri kilikuwa ghorofani, juu ya barabara ya malori. Lori likipita, sindano inaruka, na mtangazaji aliomba radhi mara nyingi kuliko alivyotaja saa. Marehemu hakutumwa na mtu. Aliunda trei ya mbao, akaijaza mchanga mkavu uliochekechwa, akalaza bamba la jiwe juu yake, na chini ya trei akaweka mipira minne ya tenisi iliyokatwa nusu. Juu ya bamba akaweka glasi ya maji iliyojaa pomoni, akangoja lori. Lori lilipita, maji hayakukonyeza hata jicho. Akasema, “Kimya kidogo,” akashusha sindano, na jina likamganda hapo hapo. Baadaye ukuta wa ghala la jirani ulianguka katikati ya wimbo. Wimbo uliisha salama, ndipo mtangazaji akatoka nje kuuliza ukuta umekwenda wapi.

Mwaka 1981 mdogo wake, ambaye watu walimwita Springi, alijiunga naye katika kuwafungia watu vijukwaa vya gramafoni majumbani. Kazi ya marehemu haikuishia kwenye kufunga. Kila miezi mitatu alirudi kwa mteja bila kuitwa. Alichekecha mchanga, maana ukishika unyevu hugandamana ukawa kama sakafu. Alibinya mipira kwa kidole gumba kuona kama imekufa. Akapima kwa pima maji kama bamba limelala sawa pande zote nne. Adui yake alikuwa chombo cha maua. Akikikuta juu ya kijukwaa hakugomba. Alikichukua, akakiweka mapajani mwa mwenye nyumba, akaendelea na kazi.

Mkewe alimpata kwa hila, na leo anakiri mbele ya watu. Alikuwa binti wa fundi saa mwenye gramafoni, na kijana alipokuja kuifungia kijukwaa, binti alimpenda kabla hajafungua mkoba. Basi kila akiondoka, binti anapita sebuleni akikanyaga sakafu kama anaua nge. Sindano inaruka, fundi anaitwa tena. Alirudi mara tano. Mara ya sita hakufungua mkoba. Aliweka glasi yake ya maji, akaketi, akamtazama binti akipita, akatazama maji, akamtazama tena. Akamwambia fundi saa, “Mzee, chombo chako hakina ubaya. Ila huyu mnipe mimi, la sivyo hamtasikia wimbo hadi mwisho.” Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1975, wakajaliwa mabinti watatu, wote wana miguu mizito.

Mwaka 2022 daktari alimwambia moyo wake unaruka mapigo. Marehemu akauliza, “Kwani umekaa juu ya nini?” Alikatazwa kuinama, na kijukwaa cha nyumbani kikakosa matunzo mwaka mzima. Alifariki nyumbani tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi. Wiki moja kabla alimshika mkewe mkono akaagiza: asitolewe nyumbani kabla haijapigwa santuri yao ya arusi, kwenye kijukwaa chake, na watu wacheze kwa nguvu.

“Sindano ikiruka,” alisema, “mwambieni yule wa springi kwamba ameshinda.”

“Na isiporuka?” mkewe aliuliza.

“Mwambieni vilevile.”

Basi tangu jana mjane na mabinti wamelala kifudifudi chini ya kijukwaa hicho. Mchanga umeganda, mpira mmoja umekufa, na santuri inaruka hata mtu akipiga chafya jikoni. Springi ameitwa mara mbili, hakuja. Mara ya tatu mjane hakumwita. Alimpelekea tu maneno ya kaka yake, yote mawili, kama yalivyosemwa.

Marehemu ameacha mjane, mabinti watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, vijukwaa mia mbili na kumi na moja katika nyumba za watu, na mdogo wake mmoja tu wa tumbo moja, ambaye hadi karatasi hii inaandikwa, mjane akisema na binti mkubwa akishika kalamu, haijulikani kama ata—

Mlango umefunguliwa. Ameingia Springi, pima maji kwapani, na begani mfuko wa mchanga mkavu, uliochekechwa. Hakumwamkia mtu. Juu ya kijukwaa mfiwa mmoja alikuwa ameweka chombo cha maua. Amekichukua, amekiweka mapajani mwa shemeji yake, amepiga magoti.

“Kimya kidogo,” amesema.

Apumzike kwa amani mzee wetu, pasipotikisika.