Mama Mkwe Nje ya Fremu

Kwenye treni ya asubuhi, dada mmoja aliyeketi mbele yangu alimwonyesha simu jirani yake, mpiga picha aliyepakata begi la kamera. "Kaka, nimebadilisha video ya harusi yangu iwe ya kusimama ijae simu, mama mkwe akakatwa, nami nikamtumia hivyo hivyo. Tangu jana hapokei simu zangu."

"Hajakatwa, amefichwa tu. Isogeze picha kwa kidole."

Akasogeza. Mama mkwe akatokea na kilemba chake. Bwana harusi akatoweka.

"Huyo si unaye nyumbani?" mpiga picha akasema. Mimi nikatazama dirishani nisicheke.

"Kaka, usinitanie!"

"Basi irudishe ilale, uache nafasi nyeusi juu na chini."

"Watakuwa wadogo kama sisimizi!"

"Wadogo, lakini wote."

Treni ikasimama wakiwa bado wanabishana. Dada alikuwa akishuka simu ilipolia.

"Shikamoo, mama. Umo! Nimekuona, umo!"