Kwa Nini Mgeni Rasmi Ameketishwa Juani

Risala ya Klabu ya Picha za Filamu, Sekondari ya Bweni Msufini, Boko, kwa mgeni rasmi wa mahafali, Mzee Muntazir Jafferali

Mgeni rasmi, Mzee Muntazir Jafferali. Mkuu wa Shule. Makamu Mkuu wa Shule na Mwenyekiti wa Kamati ya Kuchagua Stendi, Mwalimu Gregori. Walimu, wazazi, na wanafunzi wenzetu mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimekwenda kwa wazazi: shikamooni.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tunaona jua limekukaa usoni na wenzako wa meza kuu wako kivulini. Tunaomba ulivumilie. Sababu imo katika sehemu ya changamoto, na si heshima kuanza na changamoto mgeni hajanywa hata maji.

HISTORIA

Mwaka jana ulitukabidhi kamera ya marehemu baba yako, aliyekuwa mpiga picha wa studio. Ni kamera ya filamu pana, nzito kama tofali bichi. Mpigaji haiweki jichoni. Anaiweka usawa wa tumbo, anainama, anatazama kioo kilicho juu yake kama mtu anayechungulia kisima. Ufunguo wa boksi lake alipewa mwenzetu Eufrazia, wa kidato cha tano, kwa sababu ndiye peke yake aliyeuliza filamu inaingilia wapi. Sisi wengine tuliuliza picha zinatumwaje kwenye simu.

Uliahidi pia stendi, ukaiachia shule ichague. Kamati iliundwa. Ilikaa vikao vyenye chai na vitumbua, na katika kikao cha mwisho ikaamua kwamba kamera isiende dukani, isije ikapata vumbi. Wajumbe walikwenda wenyewe, wakalinganisha stendi kwa macho, na kwa kauli moja wakachukua ndefu kuliko zote na yenye kung'aa kuliko zote.

Mwalimu Gregori aliitambulisha kwenye paredi. "Hii ukiivuta yote inamfikia twiga," alisema. "Nyie mnataka nini tena?"

Eufrazia alinyoosha mkono. "Shikamoo, mwalimu. Kamera yenyewe inatazamwa kwa juu. Ikipanda huko, mie nitaichunguliaje?"

"Utakua, binti," alisema Mwalimu Gregori.

Eufrazia ameendelea kukua, mgeni rasmi, ila si kwa kasi iliyotarajiwa na kamati.

MAFANIKIO

Siku uliyokuja kutukabidhi stendi hiyo, benchi la bwalo liliwekwa juu ya meza ya bwalo, na Eufrazia akapanda juu ya benchi, sisi tukiwa tumeshikilia miguu ya meza. Alipanga sura yako vizuri kwenye kioo. Lakini kichwa cha stendi ile, yaani pale kamera inapokaa, ni gololi ndogo inayobanwa na kitufe cha plastiki, iliyotengenezwa kubeba simu. Alipoinua macho kukuomba utabasamu, kamera ilianza kuinama taratibu, bila kelele, kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza kwenye prepu.

Viatu vyako vilitoka vizuri sana. Picha hiyo imetundikwa ofisini, na wageni wanaelezwa kuwa ni ya kisanaa. Zilizobaki kwenye roli zilitoka na ukungu, kwani miguu ya stendi ile hutikisika hata mtu akikohoa.

Hata hivyo stendi haikupotea bure. Ndiyo hii iliyobeba kipaza sauti tunachosomea risala. Tangu tuanze haijatetereka, kwa kuwa kipaza sauti ni chepesi. Tunatoa shukrani.

Fanikio letu kubwa lilipatikana likizo. Eufrazia alikuwa na kamera kwa mjomba wake Kasimiri, Kiwalani. Mjomba ni mpima ardhi, na ana ile miguu mitatu ya mbao ya kuwekea kifaa cha kupimia: mizito, mifupi ukitaka, yenye ncha za chuma zinazozama ardhini. Eufrazia aliikanyaga ikazama, akaitikisa, haikutikisika. Akamwomba fundi wa kuchomelea amtengenezee kipande cha chuma cha kufungia kamera juu yake, akaibeba hadi mtaani na kuisimamisha katikati ya njia.

Hakuwa na habari kwamba Kiwalani miguu ya namna hiyo ikionekana njiani, watu hawafikirii picha.

Mzee Mwinshehe alitoka na msuli wake. "Binti, barabara inapita kwangu au kwa Mama Demetria?"

"Shikamoo, baba. Hakuna barabara. Mie napiga picha tu."

"Hata wale wa mwanzo walisema wanapiga picha tu. Sasa hivi pale kwao kuna mtaro."

Mama Demetria alifika na kigoda na soda ya baridi. "Kaa, mwanangu, umechoka. Ila geuza hicho kidude kidogo, kiangalie kwa Mwinshehe. Ukuta wake umeingia njiani, mtaa mzima unajua."

"Hakigeuki, mama. Hakina kichwa."

"Hakina kichwa?" alisema Mzee Mwinshehe. "Basi ni cha serikali kweli."

Habari ikatembea. Kila mwenye nyumba alitoka akasimama mlangoni kwake, wima, mkono kwenye fremu, ili ijulikane nani mwenye mali siku ya fidia. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyepepesa macho. Eufrazia aliwaambia tena kwamba ni picha tu, wakamjibu wameelewa, aendelee na kazi yake. Kamera ilifumbua jicho sekunde nzima, na mtaa wote ukatulia nayo.

Picha hiyo unayo mkononi, mgeni rasmi. Unaweza kuhesabu matofali. Eufrazia alipowapelekea nakala, akidhani watamcheka, walikwenda kwa mjumbe wa mtaa akagonga mhuri nyuma ya kila moja.

CHANGAMOTO

Wiki iliyopita Mkuu wa Shule alimwita Eufrazia. Alimwambia, kwa upole, kwamba picha ya mahafali ikitoka na ukungu tena, kamera itaingia kwenye kabati la vioo, karibu na vikombe vya netiboli, ikapumzike. Eufrazia alisema, "Ndiyo, mwalimu," akarudi bwenini akaifuta lenzi ambayo ilikuwa safi, akaifuta tena. Tangu siku hiyo anakula ugali bila kulalamikia maharage, na matroni ameanza kuuliza kama anaumwa.

Kwa hiyo leo ameazima miguu ya mjomba. Ndiyo ile pale karibu na mlingoti, na yule mwanamume aliyesimama getini akitazama saa ni Mjomba Kasimiri, anayesubiri kuirudisha kazini Mtoni.

Ila miguu hiyo ni ya kupimia. Haina kichwa cha kamera, chenye mikono ya kuigeuza kushoto, kulia, juu na chini, kisha kuikaza ikae hapo. Eufrazia hulazimika kusogeza mguu mmoja mmoja, akitazama pimamaji, na kamera ikishatulia hutazama mahali pamoja tu. Tangu asubuhi inatazama mahali pamoja. Kwa kuwa kamera haiwezi kukugeukia wewe, kiti chako kilipelekwa mbele yake. Kamati ya mapambo ilipouliza kwa nini mgeni anawekwa juani, tuliiambia ni itifaki.

MAOMBI

Tunaomba stendi fupi na nzito, na kichwa chenye mikono. Urefu tutaacha kwa twiga.

Tunaomba kamati ijayo iende dukani na kamera, ifungwe juu ya kila stendi, na stendi itakayoinama irudishwe rafuni hata kama inang'aa. Vitumbua viendelee.

Tunaomba pia useme neno moja kwa Mkuu wa Shule kabla ya chakula, wazazi wakiwa wanasikia, kwamba kamera ya baba yako haijachoka na haihitaji kupumzika kabatini. Likisemwa baada ya chakula, huwa linasahaulika.

HITIMISHO

Wakazi wa Kiwalani walitulia kwa kudhani wanabomolewa. Wewe hatuna cha kukutishia, mgeni rasmi, tunakusihi tu. Tutakaposema jina la klabu yetu, Eufrazia, ambaye ameshashika waya wa kubonyezea na ameacha kupumua tangu tuseme "hitimisho", atabonyeza. Makofi yasubiri ashushe mkono.

Mungu akupe afya, akuzidishie riziki, amrehemu baba yako, na akujalie kivuli popote utakapoketi maishani, isipokuwa hapo ulipo, kwa sekunde moja inayofuata.

Ni sisi, Klabu ya Picha za Filamu, Msufini.