Kiti cha Nyuma cha Juri

Asubuhi hiyo, basini katika mji wa Duluth, Marekani, mzee Delmar alimwambia mama aliyekaa naye kwamba yumo kwenye juri, wale raia wanaoamua kesi mahakamani, na leo wanatoa uamuzi. "Kesi siruhusiwi kuisimulia. Na hata ningeruhusiwa, siijui! Wamenipa kiti cha nyuma, na masikio haya yamebaki pambo."

Mama akampaazia sauti. "Si uhamie mbele, babu?"

"Viti vina namba, mwanangu. Ulipopangiwa ndipo ulipo."

"Na leo mnaamua mtu afungwe au aachiwe? Mwambie hakimu, acha haya za kitoto!"

"Leo, baada ya wiki nzima? Nitachekwa hadi kaburini."

Basi likasimama mbele ya mahakama. "Na mshtakiwa je?" mama akauliza.

Delmar hakuinuka. "Wenzangu wakitikisa kichwa, nami natikisa. Na mshtakiwa haniondolei macho, masikini. Anadhani mimi ndiye ninayemwelewa."