Papa Damien Kalunga Musafiri, Aliyetoa Nyuso Ndani ya Filimu

Wapendwa wafiwa, majirani na marafiki, kwa niaba ya jamaa ninawasomea maisha ya kaka yetu, Papa Damien Kalunga Musafiri, aliyezaliwa Baudouinville, mji unaoitwa leo Moba, tarehe 4 Machi 1948, mtoto wa tatu wa Papa Stanislas Musafiri na Mama Immaculée Kabwe.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri huko huko, kuanzia 1955 hadi 1961, kisha akaja hapa Kalemie, wakati ule Albertville, akajifunza kazi ya foto kwa fundi mmoja Mgiriki, na mwaka 1972 akafungua studio yake mwenyewe, ambamo wengi wenu mlipigwa foto ya ubatizo, ya ndoa na ya kitambulisho, mkiambiwa msicheke, naye mwenyewe akicheka.

Tarehe 10 Agosti 1974 alifunga ndoa na Mama Alphonsine Mwange, wakajaliwa watoto watano, na Agnès, kifungua mimba, ndiye aliyemletea kutoka Lubumbashi, mwaka 2015, apareyi ya dijitali ya kupigia foto.

Vita vilipozidi katika jimbo letu, mwaka 2016, watu wengi walikimbilia Kalemie, na kati yao Mama Evodie Kabulo wa Kiambi, mjane wa Élysée Ngoy, ambaye nyumba yake ilichomwa na kila foto iliyokuwamo, na watoto wake wadogo hawakukumbuka tena sura ya baba yao, basi akaja kumuuliza Papa Damien kama filimu ya arusi yao, aliyoipiga yeye mwaka 1997, ingali salama.

Ilikuwa salama, kwa maana Papa Damien alizihifadhi filimu zake ndani ya mikebe yenye mchele mkavu, unyevu wa ziwa usiziharibu, jambo ambalo Mama Alphonsine hakulipenda kila wakati mchele ulipopungua jikoni, lakini studio haikuwa tena na dawa wala karatasi za kusafishia foto, kwa hiyo alichukua meza ya jikoni, akatoboa katoni, akaweka juu yake kioo cha dirisha na karatasi nyeupe, taa ya betri chini, akaifunga apareyi juu ikitazama chini, akapiga foto ya kila negatifu, naye Agnès akageuza weusi kuwa weupe katika kompyuta, na nyumba nzima ikala mkekani kwa miezi.

Foto ya Mama Evodie ilipotoka, Élysée alionekana akimpa baba mkwe kikombe kwa mkono wa kushoto, na Mama Evodie akapiga kelele hadi barabarani: «Papa Damien, bwana yangu hakukuwa muntu wa kukosa adabu! Kama angalimupa baba kikombe namna hii, baba angalinirudisha nyumbani siku ileile, na hawa batoto wangalitoka wapi?»

Papa Damien alikagua filimu, akaona kosa lake, kwamba katika chumba cha giza alizoea miaka yote kuelekeza upande wa filimu usiong'aa kwenye lenzi, akafanya vivyo hivyo na apareyi, kumbe apareyi ilitaka upande unaong'aa, na foto zote alizokwisha kugawa zilikuwa zimegeuka. Aliomba padri atangaze kanisani kwamba zirudishwe, wengi wakazirudisha, wengine wakakataa wakisema wamependeza zaidi.

Alipoigeuza filimu, Élysée akatoa kikombe kwa mkono wa kuume, na Mama Evodie akawaita watoto: «Kujeni, baba yenu njo huyu.»

Mwezi Mei 2018 Papa Damien alianza kuugua moyo, akafariki hospitalini hapa Kalemie, tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliobeba maji na kuni, mafundi foto wenzake wote, na Mama Evodie, ambaye tangu siku ya kwanza ya kilio yuko jikoni pamoja na wamama wetu.

Kaka Damien, watoto wa Élysée Ngoy wamekuja kukusindikiza, nao wanamjua baba yao kwa sura. Lala salama, upumzike kwa amani ya Bwana.