Kang Ching-shui, Muungaji wa Vichwa vya Fimbo za Gofu

Mimi Kang Yueh-o, dada wa marehemu, sikuomba kazi hii. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na mkono wangu umezoea nta kuliko kalamu. Hapa kanisani walimu wapo, na mjane mwenyewe ni mchoraji wa kiwandani, lakini karatasi imeletwa kwangu mimi, mwenye madhabahu ya mababu nyumbani. Nilipouliza kwa nini, wifi yangu alisema, "Dada Mkubwa, wewe ndiye uliyembeba mgongoni." Haya, nimeandika. Mchungaji alitaka ukurasa mmoja; atavumilia. Na mkobani mwangu sina ubani, msinichungulie.

Nimekubali kwa sababu ya neno nililolisikia jikoni siku ya pili ya msiba. Binti wa marehemu alimwuliza mama yake, "Mwaka mpya tutakula wapi?" Mama akamjibu, "Sijui. Baba yako hayupo. Sijui kama kule kwa shangazi yako bado ni kwetu." Nilikuwa naosha mboga nyuma ya mlango, hawakuniona. Jibu langu liko mwisho wa karatasi hii.

Marehemu Kang Ching-shui alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huku kwetu Wandan, jimboni Pingtung, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Kang Tien-fu, mkulima wa maharage mekundu. Mama alirudi shambani mapema, kwa hiyo mtoto alikuwa wangu. Alikuwa mzito, na alinivuta nywele kila nilipoinama.

Alisoma shule ya msingi ya Wandan, kisha shule ya ufundi ya Pingtung, akamaliza mwaka 1976. Masomo ya darasani alifaulu kwa shida. Ya karakana alifaulu vizuri, na cheti chake baba alikitundika juu ya gunia la mbegu ili kila mnunuzi akione.

Mwaka 1980, alipotoka jeshini, nilimpeleka mwenyewe kiwandani, nilikokuwa upande wa nta. Tulitengeneza vichwa vya fimbo za gofu za watu wa mbali. Kichwa kilianza kwa nta, nta ikavikwa tope na mchanga, ikayeyushwa ikatoka, na chuma kikamiminwa mahali pake. Marehemu alianza kwa kung'arisha, akahamia ukaguzi, na mwaka 2001 akapewa chumba cha kuunga. Zama hizo kichwa hakikuwa tena chuma kitupu. Mwili ulikuwa wa titani, juu kofia ya kaboni nyepesi kama ganda la yai, na chini kipande cha tungsteni kilicholemea mkono kuliko risasi. Vitu hivyo havipendani, na vikipata joto kila kimoja hutanuka kivyake. Kazi yake ilikuwa kuvikalisha pamoja kwa gundi.

Kabla ya kufungwa sandukuni, kila kichwa kilitikiswa sikioni, kusikiliza kama kuna punje iliyobaki ndani. Tabia hiyo alirudi nayo nyumbani. Alitikisa mayai, machungwa, chupa ya chai. Jumapili moja, alipomsindikiza mkewe, alitikisa kisanduku cha sadaka cha kanisa hili, akamwambia mzee wa kanisa, "Humu kuna kitu kimelegea." Mzee akamjibu, "Ni mchango wako, ndugu. Upo peke yake."

Mwaka 1986, tarehe 12 Oktoba, alifunga ndoa na Tu En-tzu wa ofisi ya michoro. Mimi sikumtaka, na sababu zangu zilikuwa nzuri. Alikuwa mtu wa kanisa, hali chakula kilichotangulia kuwekwa mbele ya mababu, naye anaolewa na mwanamume pekee wa nyumba yetu. Siku ya harusi nilikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Lakini mgeni haachwi na njaa kwangu. Tangu mwaka ule, kila sikukuu nimechinja kuku wawili: mmoja anapita madhabahuni kwanza, mwingine anakwenda mezani moja kwa moja. Marehemu alikaa katikati yetu, akila wote wawili.

Sasa nirudi kazini, maana nimeruka. Kiangazi cha mwaka 2003 vichwa vilianza kurudishwa. Wateja waliacha fimbo kwenye buti la gari juani, na kofia za kaboni zikabanduka. Bosi alisema zikiendelea kubanduka, chumba cha kuunga kitafungwa na kazi ipelekwe kwingine. Marehemu aliona dawa ni kubana. Kwa mafundi wetu mshono ukionekana ni aibu, basi alileta vibano vikali, akabana mpaka wembe usingepita. Zikabanduka zaidi. Wifi, aliyekichora kichwa kile, alimwambia mbele ya watu, "Unabana mpaka gundi yote inatoka nje. Mimi pale nilichora nafasi."

"Nafasi ni kazi mbovu," marehemu akamjibu.

Wakanuniana. Sikukuu ya mwezi wa saba, ya kuwatengea wafu chakula, walikuja kwangu hivyohivyo, kila mmoja na pikipiki yake. Nilitenga kuku wawili. Wifi alimpita mumewe kwa macho, akanigeukia mimi.

"Dada Mkubwa, kuku hawa ukiwachanganya sahani moja, nitakula?"

"Hutakula. Kichwa kigumu wewe."

"Na ukinitengea wangu chumbani, nile peke yangu?"

"Thubutu! Kwangu hali mtu chumbani kama mgonjwa."

"Sasa umewaweka vipi?"

"Si unaona mwenyewe? Sahani mbili, meza moja. Kula, wanapoa."

Marehemu aliacha kutafuna. Alizitazama zile sahani, akaushika ukingo wa meza. "Kumbe hamkuweza kuniambia hivyo tangu mwezi wa sita?"

"Nimekuambia kila siku," wifi akasema. "Ulikuwa unabana."

Kesho yake aliagiza vishanga vya kioo, vidogo kama unga, akavichanganya na gundi, ili kofia na mwili visigusane hata fundi akibana kwa hasira. Gundi ikapata mahali pa kukaa. Vichwa havikurudi tena, na chumba hakikufungwa. Wanne waliobeba jeneza hili leo ni wa chumba kile.

Alistaafu mwaka 2017, akalima maharage ya baba. Agosti mwaka jana alipatikana na saratani ya ini. Dawa alizimeza bila kulalamika, ila kila chupa aliitikisa kwanza, hata mbele ya daktari. Septemba mwaka huu aliomba kubatizwa. Mimi sikuulizwa, niliambiwa. Beseni nililishika mimi, na maji yalikuwa baridi, nikarudi jikoni kuyabadilisha.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Novemba 2023, saa tisa alasiri. Wifi alishika mkono wa kulia, akiomba. Mimi nilishika wa kushoto, nikisema yangu kwa mababu. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Ameacha mjane, Tu En-tzu; binti, Kang Yi-hsin, na mumewe; mjukuu mmoja, Wei-chen; na dada mmoja, mimi. Mdogo wangu alale vizuri, na udongo wa Wandan umlalie taratibu.

Sasa jibu la jikoni. En-tzu, sufuria yangu nyeusi iko kwako tangu nilipokupikia kuku wa mafuta ya ufuta ulipojifungua Yi-hsin. Mtoto ana zaidi ya miaka thelathini na sijaidai. Leo naidai, mbele ya kanisa lako. Usimtume mtu. Ilete mwenyewe mkesha wa mwaka mpya, mchana, maana kuku wako nitampika humo. Nyumba yenye msiba haipiki keki ya mchele, basi nyie wengine mtatuletea. Kiti cha katikati kitabaki palepale. Asikikalie mtu, wala tusisogeze vyetu kuliziba pengo.

Umesikia, wifi? Itika. Miguu inaniuma, na sikai mpaka uitike.