Mtakaonibeba ni Nyinyi Wawili

Benoîte, funga huo mlango. Majirani wa ngazini wanaijua nyumba hii vya kutosha, na mengi nimewaambia mwenyewe. Nawe Anthelme, vua kofia uiweke juu ya mtambo, maana kila nikitaja mazishi ya baba yako unaivaa na kushuka ngazi, na leo mama yako hana miguu ya kukukimbiza. Kaeni, mmoja huku, mmoja kule. Kama hamtaki kutazamana nitazameni mimi, sitawachosha kwa muda mrefu.

Baba yenu, Claudius Perrachon, alizaliwa kando ya mtambo wa hariri kama sisi sote wa mlima huu wa Croix-Rousse, akafuma mpaka alipogundua kwamba kalamu inauma zaidi. Aliandika kwamba anayefuma hariri naye aivae, kwamba mkate ni wa wote, kwamba mapadri wanawauzia maskini mbingu ili matajiri wabaki na dunia. Mabibi wa glavu walipanda mlima kuja kumsikiliza, na mmoja, simtaji ingawa mnamjua, alipanda mara nyingi kuliko usawa wa binadamu ulivyohitaji. Aliandika pia kwamba mwanamke ni sawa na mwanamume. Aliandika nikimpikia supu, na mpaka anakufa hakujua chumvi inakaa wapi. Mimi herufi nilizijulia kwenye magazeti yake, ndiyo maana nasoma "mapinduzi" bila kukwama lakini "kitunguu" hunitoa jasho.

Rais alipojigeuza mfalme, askari walimchukua baba yenu akiwa na kijiko mkononi, wakampeleka Algeria kuvunja mawe. Nyinyi mkashika mtambo huu wa kizamani. Kitambaa chake ni kipana, mikono ya mtu mmoja haikifikii, basi Benoîte alisimama huku akirusha kijiti cha uzi, Anthelme kule anadaka, anarudisha. Tulikula kwa kurushiana kwenu. Na siku mliyogombana kitambaa kilisema, mwenye hariri alipitisha kidole palepale penye kasoro. Baba yenu akarudi, meno yamepungua, kifua kinakoroma, akaomba wino kabla ya kuomba maji.

Sasa lile mnaloliogopa.

Siku zote alisema hataki padri. Homa ilipompanda hata akawa hamtambui mtu, Benoîte, ulimwita padri, akampaka mafuta mtu asiyejua kama anapakwa, wewe ukamfungia msalaba kiganjani, kisha padri akashuka kutangaza kwamba Perrachon ametubu. Siku ya mazishi wenzake walikuja na maua mekundu, wakafuata jeneza vizuri tu, mpaka walipoliona linakata kona kwenda kanisani. Wakasimama. Joanny, aliyefungwa naye mnyororo mmoja kule Algeria, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Tulikuja kumzika Claudius. Huyu simjui." Wakayalaza maua barabarani, wakaondoka. Mume wangu, aliyetumia maisha yake kuwaita watu ndugu, alibebwa na watu wa kukodi, mmoja anatafuna tumbaku. Nilirudi nyuma kuokota maua. Mengi farasi walishayakanyaga.

Tangu siku ile nimekuwa mkalimani nyumbani kwangu. "Mama, mwambie mtawa wako anisogezee jibini." "Mama, mwambie mpagani wako jibini limekwisha." Na jibini lipo, naliona.

Nimejaribu kuwaambia, mmoja akavaa kofia, mwingine akalia kabla sijafika mwisho. Leo mtafika nami mwisho. Padri alipoondoka, baba yenu alizinduka. Akauona msalaba, akauliza, "Nani kanifunga huu?" Nikamwambia ni Benoîte. Nilijua msalaba utarushwa nje dirishani. Akaugeuza, akaugeuza tena, akasema, "Uache. Mtoto ananiogopea."

Basi. Hakutubu, Benoîte, usijidanganye. Wala hakukasirika, Anthelme. Hasira hiyo umeibeba kwa niaba ya mtu asiyekutuma. Aliufumbata mpaka asubuhi, nami ndiye niliyemfungua vidole.

Msalaba huo umo chini ya mto wangu. Ni wako, Anthelme. Usiutoe kwa mtu, usiutupe. Ukiushika kumbuka ulishikwa na nani. Benoîte, maandishi yake yote ni yako. Ukitaka kuyachoma yachome, lakini uyasome kwanza kwa sauti, utamsikia anavyokohoa katikati ya sentensi. Mtambo msiuuze nikiwa bado na joto.

Mimi sipiti kanisani. Nipelekeni kwake alfajiri, saa ambayo serikali inaturuhusu kuzikwa sisi tusio na padri. Yale maua makavu yamo kwenye kopo tupu la chumvi, niwekeeni jenezani. Hotuba sitaki, Anthelme, nimesikiliza hotuba miaka arobaini. Benoîte, wewe sali, mdomo ni wako. Hata mimi nilikuwa nikisali huku nakoroga supu, yeye akidhani nahesabu viazi.

Nipeni maji. Kidogo... inatosha.

Watu wa kukodi siwataki. Mbele mtanibeba nyinyi, mmoja huku, mmoja kule. Watasema mwanamke habebi jeneza. Waambieni baba yenu aliandika kwamba tuko sawa, na leo mkewe anamdai ukurasa huo. Mwende kwa hatua moja. Mmoja akichoka amwambie mwenzake, amwambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, maana mimi sitakuwepo kupeleka maneno.

Leteni mikono. Sijui nawabariki kwa jina la nani, baba yenu hakuniachia jina... nawabariki kwa hii mikono. Iliwaosha. Benoîte, mkono wako huu. Wako, Anthelme, uko wapi? Sioni vizuri. Hapana, msinipe mimi... pelekeaneni huko, juu yangu, kama kile kijiti. Mmoja arushe.

Mwingine... adake.